Afya na Elimu: Mwandishi wa Akiba



Ndugu wasomaji, juma lililopita alinijia mama mmoja, msomaji wa safu hii wa siku nyingi, akiwa na karatasi ya hospitali mkononi. Mwanawe wa kiume ana umri wa miaka 19, na tangu utotoni huandamana na babake baharini. Kwa miaka kadhaa uso, shingo na mikono ya kijana huyo imekuwa ikitoka madoa meusi madogo madogo, kisha mwaka huu kidonda kilichokuwa pembeni mwa pua yake kikakataa kupona. Kilipokatwa na kupimwa, kilionekana kuwa ni saratani ya ngozi iliyo katika hatua zake za mwanzo. Alhamdulillahi, kimeondolewa chote. Damu yake ilipelekwa kwa uchunguzi wa jeni, na majibu yalirudi na jina refu: zeroderma pigmentosamu, aina ya V.

Mama hakuja kuniuliza maana ya jina hilo. Alikuja na mzigo mwingine. Ndugu za mumewe wamesema kwamba maradhi hayo yametoka katika damu ya upande wake. Jirani amesema ni husuda, na kwamba kijana atafutiwe kombe. Na katikati ya maneno hayo, binti yake amekuja kuposwa na mtoto wa ammi yake. Akaniuliza, “Mwalimu, kosa langu mimi ni lipi? Na hiyo posa tuijibu vipi?” Amenipa idhini niandike habari yake bila ya kumtaja, kwa kuwa anaamini ziko nyumba nyingine zenye mzigo kama wake zilizonyamaza.

Ili kumjibu kwa haki, yatupasa kwanza tuingie ndani ya chembe ndogo kabisa ya mwili, tutazame kazi inayofanyika humo kila siku pasi na sisi kuijua.

Mwili umejengwa kwa seli, na ndani ya kiini cha kila seli mna uzi mwembamba mno uitwao DNA. Lau ungenyooshwa uzi wote wa seli moja, urefu wake ungekaribia mita 2. Juu ya uzi huo yameandikwa maagizo yote ya mwili kwa herufi nne tu, ambazo wataalamu huziita adenini, thaimini, guanini na sitosini. Uzi wenyewe ni wa sehemu mbili zilizosokotana, na kila herufi ya upande mmoja ina mwenziwe upande wa pili: adenini hukaa na thaimini, na guanini hukaa na sitosini. Kwa hivyo anayeujua upande mmoja anaweza kuuandika upande wa pili bila ya kukosea.

Seli inapotaka kugawanyika iwe mbili, ni lazima kwanza inakili maandishi hayo yote, ili kila seli changa ipate nakala yake kamili. Jumla ya maandishi hayo ni herufi zipatazo bilioni 6, na kazi ya kuzinakili huchukua muda wa saa 8 hivi. Wanaoifanya ni vimeng'enya viitwavyo polimerasi. Katika seli zenye kiini, za binadamu, za mnyama, za mnazi hata za hamira, polimerasi kuu za kazi hiyo ni mbili, nazo hutajwa kwa herufi za Kiyunani: delta na epsiloni.

Wazee wetu wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, walisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa kunakili misahafu kwa mkono. Mwandishi wa namna hiyo hakuruhusiwa kubahatisha. Akitia herufi, aliitazama tena, na akiona imekosewa, aliifuta kabla ya kuendelea. Polimerasi delta na epsiloni hufanya mfano wa hayo. Kila zinapoongeza herufi hupima kama imekaa sawasawa na mwenziwe. Ikiwa haikukaa, huing'oa na kuweka nyingine. Kwa uangalifu huo, pamoja na wakaguzi wengine wanaopita nyuma yao, makosa yanayobakia ni machache mno, pungufu ya moja kwa kila herufi milioni mia.

Lakini uangalifu huo huo ndio unaozifanya zikwame zinapokutana na herufi iliyoharibika.

Na herufi huharibika kila siku. Moshi wa tumbaku huziharibu, hata joto la mwili na hewa tunayoivuta huziharibu. Kwetu sisi tunaokaa karibu na ikweta, mharibifu mkubwa wa ngozi ni jua. Katika mwanga wa jua imo miale isiyoonekana kwa macho, iitwayo urujuanimno. Miale hiyo inapoipiga DNA mahali penye thaimini mbili zilizopakana, huzifungamanisha zikawa kama vidole viwili vilivyoungana. Katika adhuhuri moja ya jua kali, maelfu ya mafungamano kama hayo yanaweza kutokea katika seli moja ya ngozi iliyo wazi.

Mwenyezi Mungu amejaalia seli ziwe na mafundi wa kurekebisha. Mafundi hao hukata kipande chenye dosari, hukitupa, kisha hujaza pengo kwa kuutazama upande wa pili wa uzi ulio mzima. Mmoja wa wanasayansi waliotueleza kazi hiyo hatua kwa hatua ni Aziz Sancar, aliyezaliwa mwaka 1946 katika mji mdogo wa Savur, kusini mashariki mwa Uturuki, kwa wazazi ambao hawakujua kusoma lakini walijua thamani ya elimu. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich. Nawaandikia haya kwa ajili ya wazazi wenzangu wanaodhani kwamba wao wenyewe kutosoma ni udhuru wa mtoto kutosoma.

Hata hivyo, mafundi hao hawawahi kila mahali. Seli inapoanza kunakili, yapo mafungamano ambayo bado hayajaondolewa. Na hapo pana tatizo ambalo halitatuliwi kwa kukata. Ili kunakili, nyuzi mbili za DNA hutenganishwa, kila mmoja ukabaki peke yake. Fundi akiukata uzi uliobaki peke yake, hana upande wa pili wa kuutazama, na kromosomu yenyewe itakatika vipande viwili, jambo ambalo ni hatari kuliko dosari ya herufi mbili. Basi kutengeneza hakuwezekani kwa wakati huo, na mwandishi mkuu amesimama, hataki kuandika mbele ya herufi asiyoweza kuisoma. Akisimama mno, seli hufa au hugawanyika ikiwa na maandishi yaliyokatika.

Ndipo anapoitwa mwandishi wa akiba.

Polimerasi kuu hutembea juu ya uzi zikiwa zimeshikiliwa na protini yenye umbo la pete, ambayo huuzunguka uzi ili mwandishi asianguke. Mwandishi anapokwama, vimeng'enya maalumu huibandika pete hiyo alama ndogo, protini iitwayo yubikwitini. Alama hiyo ni kama bendera ya kuomba msaada. Mwandishi mkuu hujitenga, na polimerasi nyingine, iliyozaliwa kwa kazi hiyo tu, hushika mahali pake. Inapokuwa dosari ni zile thaimini mbili zilizofungamana na jua, anayestahiki kuja ni polimerasi iitwayo eta.

Umbo la polimerasi eta latofautiana na la wakubwa wake. Mahali pake pa kusomea ni papana, kiasi cha kuzipokea herufi mbili zilizofungamana kwa pamoja, ilhali wale wakubwa wana nafasi ya herufi moja tu iliyonyooka. Mwaka 2010 kundi la watafiti wa Marekani lililoongozwa na Wei Yang lilionyesha umbo hilo kwa undani, likaeleza kuwa kimeng'enya hiki huushikilia uzi mpya unyooke katika mahali palipopinda, kama mganga wa viungo anavyofunga banzi penye mfupa uliovunjika. Huweka adenini mbili mbele ya zile thaimini mbili, na ndizo hasa zinazotakiwa. Huongeza herufi chache zaidi, kisha hujitoa, na mwandishi mkuu hurudi kazini.

Zingatieni kwamba dosari yenyewe haikuondolewa. Imevukwa tu, kama msafiri anavyolivuka shimo la barabarani ili asilale njiani. Lakini sasa uzi umepata mwenziwe, na mafundi wa kukata wanaweza kurudi baadaye kulifukia shimo hilo kwa utulivu.

Kwa nini basi eta isipewe kazi yote? Kwa sababu ulegevu unaoiwezesha kuvuka palipoharibika huifanya ikosee palipo pazima. Haina desturi ya kutazama tena ilichokiandika, na ikiachiwa uzi usio na dosari hukosea maelfu ya mara zaidi ya wale wakuu. Kwa hivyo huitwa inapohitajika, huandika herufi chache, kisha huondoka. Mfano wangu wa waandishi wa Siyu unaishia hapa, kwa kuwa msahafu haunakiliwi kwa kukisia hata neno moja. Lakini seli haina nafasi ya kungoja, na kosa dogo kwake ni afadhali kuliko mauti.

Waandishi wa akiba ni wengi, kila mmoja na dosari aliyoizoea. Polimerasi kapa huvuka dosari zinazoletwa na sumu iliyomo katika moshi wa tumbaku na wa vitu vilivyoungua. Polimerasi zeta husaidia kuendeleza uzi pale wengine walipoanzisha. Na eta yenyewe, ambayo hutulinda na jua, inaweza pia kuzisaidia seli za saratani kuvuka dosari zinazoletwa na dawa iitwayo sisplatini, na hivyo kupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Maradhi ya zeroderma pigmentosamu yalielezwa kwa mara ya kwanza na daktari Moritz Kaposi huko Vienna, mwaka 1874. Alieleza ngozi kavu yenye madoa, ambayo jua huidhuru kupita kiasi. Kwa muda wa miaka karibu 100 sababu yake haikujulikana. Mwaka 1968 James Cleaver, huko California, alionyesha kuwa seli za wagonjwa hawa hazina uwezo wa kurekebisha madhara ya urujuanimno: wale mafundi wa kukata hawafanyi kazi. Lakini miaka michache baadaye walipatikana wagonjwa wenye dalili zile zile ilhali mafundi wao ni wazima. Hao ndio walioitwa aina ya V, nao ni kiasi cha mmoja katika kila wagonjwa watano. Mwaka 1975 Alan Lehmann wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, pamoja na wenzake, waligundua kuwa seli za wagonjwa hao hupata taabu ya kunakili DNA baada ya kupigwa na miale hiyo; nakala mpya hutoka vipande vipande.

Jibu kamili lilipatikana mwaka 1999. Kundi la Fumio Hanaoka na Chikahide Masutani huko Japani, na kundi la Louise Prakash na Satya Prakash huko Texas, waliokuwa wameanza kwa kuchunguza hamira, walionyesha kwamba kinachokosekana kwa wagonjwa wa aina ya V ni polimerasi eta. Mwandishi wa akiba hayupo. Anapoitwa, hujitokeza wengine wasioizoea dosari ya jua, nao huandika herufi zisizostahiki. Makosa hayo huongezeka mwaka baada ya mwaka, mpaka moja liangukie kwenye agizo linaloizuia seli isikue ovyo. Hapo ndipo saratani huanza.

Mama yangu mpendwa, hili ndilo jibu la swali lako la kwanza. Maagizo ya kuunda polimerasi eta yamo katika jeni moja iliyo kwenye kromosomu ya 6. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa babake na moja kutoka kwa mamake. Nakala moja nzima yatosha kumlinda mtu. Mwanao ameugua kwa sababu nakala zake zote mbili zina kasoro. Maana yake ni kwamba amepokea moja kwako na moja kwa mumeo. Maradhi haya hayawezi kutoka upande mmoja. Wanaosema yametoka kwako peke yako wamesema jambo lisilowezekana. Wala wewe na mumeo hamkukosa, kwa kuwa kila mmoja wenu alikuwa mzima na hakuwa na namna ya kujua alichokibeba. Mimba yenu ya kila mara ilikuwa na nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye maradhi, mbili kati ya nne ya mtoto mzima mwenye kubeba nakala moja, na moja kati ya nne ya mtoto asiyebeba kitu.

Ama husuda, dua na kisomo havikatazwi kwa mgonjwa yeyote, lakini visiwe sababu ya kijana kurudi juani kichwa wazi akidhani amekwisha kupona.

Kuhusu posa, ndoa ya watoto wa ndugu ni halali, na sikuandika haya ili kuharamisha lililohalalishwa. Ila halali si faradhi, na kutahadhari si dhambi. Tutazame hesabu. Binti yako ni mzima; nafasi ya kuwa amebeba nakala yenye kasoro ni mbili kati ya tatu. Mchumba, kwa kuwa ni mtoto wa ndugu ya mumeo, ana nafasi ya moja kati ya nne au zaidi kidogo. Wote wawili wakiwa wamebeba, kila mtoto wao atakuwa na nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Ukizizidisha zote kwa pamoja, utapata kiasi cha moja kati ya 24 kwa kila mtoto. Si kubwa ya kutisha, wala si ndogo ya kupuuzwa.

Lakini hamna haja ya kukisia. Kwa kuwa kasoro ya nyumba yenu imekwisha kujulikana kutokana na damu ya kijana, binti anaweza kupimwa kwa kutafutwa kasoro hiyo hiyo. Ikiwa hakubeba, hofu imeondoka. Ikiwa amebeba, apimwe na mchumba. Akionekana mmoja tu kati yao ndiye mwenye kubeba, hakuna mtoto wao atakayeugua. Wakionekana wote wawili, waelezwe kwa upole na daktari mwenye ujuzi wa jeni, kisha wao na wazee wao waamue wakiwa na macho wazi. Ninalokusihi ni kwamba jambo hili lisifichwe upande wa pili. Posa iliyojengwa juu ya siri huvunjika kwa uchungu zaidi kuliko iliyosimamishwa kwa ukweli.

Limebaki la kijana mwenyewe, nalo ndilo la haraka zaidi. Hakuna dawa ya kumrudishia polimerasi eta, lakini jua linaweza kuzuiwa, na maisha marefu yapo mbele yake, inshallah. Asitoke bila ya sababu kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Avae nguo za mikono mirefu zilizofumwa kwa kubanana. Kofia zetu za vito ni pambo zuri, lakini haziupi uso kivuli. Avae pama yenye ukingo mpana, na miwani ya kuzuia urujuanimno, kwa kuwa macho nayo hudhurika. Ajipake mafuta ya kukinga jua yenye kipimo cha 50 au zaidi, arudie kila baada ya saa mbili. Mawingu yasimhadae, kwani miale hupenya. Daktari wa ngozi amkague kila baada ya miezi michache, na kidonda chochote kisichopona kisingoje. Kwa kuwa atakaa kivulini, apimwe pia vitamini D, apewe ya kuongezea. Na sigara iwe mbali naye.

Kazi ya bahari asinyang'anywe yote. Mchana maji humrudishia mvuvi jua kutoka chini, hivyo pama peke yake haitoshi chomboni. Lakini uvuvi wa usiku kwa taa upo, kushona nyavu chini ya makuti kupo, na kuuza samaki bandani kupo. Nimeambiwa kwamba ammi yake mmoja amemcheka, akasema mvuvi anayeogopa jua si mvuvi. Ningependa ammi huyo asome safu hii. Kijana hakimbii jua kwa woga. Mlinzi ambaye ammi yake amezaliwa naye bila ya kumwomba, yeye hakupewa, na sasa inambidi ajilinde mwenyewe kwa nguo, kwa kofia na kwa saa za kutoka.

Na sisi wengine tuliopewa mlinzi huyo tusijisahau. Weusi wa ngozi hupunguza miale lakini hauimalizi, na maradhi haya yamepatikana kwa watu wa rangi zote. Mkiona mtoto ambaye jua humtoa madoa mapema na kumuumiza macho, msimtie aibu, wala msimfiche. Mpelekeni akatazamwe.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amponye kijana wetu, ampe mamake subira, na azipe nyumba zetu ujasiri wa kusema kweli. Wabillahi tawfiq.